“Kuna kipimo kingine?” Nikasema hapana

Shikamoo Mshauri,

Naandika usiku, simu nyingine nimeigeuza kifudifudi kwa sababu kundi la kamati ya harusi halilali. Kila baada ya dakika mbili ni ahadi mpya: shangazi wa Geita laki moja, bosi wangu mbuzi wawili, sijui nani kreti kumi za soda. Mjomba ndiye mhazini, na kila ahadi anaijibu kwa herufi kubwa: MUNGU AKUZIDISHIE. Zimebaki wiki tisa. Bibi harusi ni mimi.

Nina miaka 28, ni mhasibu wa duka la jumla hapa Mwanza. Kwetu ni Misungwi. Tulizaliwa mapacha, mimi Kulwa wa kike, mwenzangu Doto wa kiume. Doto alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi wanaouita siko seli. Wanasema alipokuwa na miezi minane vidole vyake vilivimba kama ndizi, na toka hapo nyumba yetu ikawa nyumba ya kusubiri. Chupa ya maji haikumtoka mkononi. Vidonge vya foliki kila asubuhi. Baridi ya Juni ikiingia, mama analala na nguo zake za kutokea. Maumivu yakimshika usiku, Doto alikuwa anang'ata pindo la kitenge ili asituamshe, na mimi nilikuwa naamka kwa sababu ya kile kimya. Alipenda kufungua redio mbovu. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Alifariki tukiwa na miaka 17, alfajiri, nimeshika mguu wake.

Nikiwa chuo, na miaka 20, nilikwenda kupima. Karatasi ikasema AS. Muuguzi akaniambia, “Wewe unabeba tu, huumwi. Ila ukiolewa, uangalie.” Niliikunja nikaiweka kwenye faili la vyeti, nyuma ya cheti cha kidato cha nne. Sijaifungua tena.

Mchumba wangu ni mwalimu wa hesabu, mtu wa Ukerewe. Ni mtu mtulivu, mwenye utani wa polepole. Anakuchekesha halafu yeye hacheki. Ng'ombe wanane wameshafika kwa baba. Mwaka jana tukiwa tunakula samaki pale ufukweni, akanisimulia habari za binamu yake aliyekufa mdogo. Kwao wanasema alirogwa. Kila baridi mifupa ilikuwa inamuuma mpaka analia, macho ya njano, na alikuwa na kidonda juu ya kifundo cha mguu ambacho hakikupona mpaka anazikwa. Mshauri, samaki alinikwama. Nilijua nilichokuwa nakisikia. Yeye hakujua alichokuwa anakisema. Mimi nilishamwambia kwamba pacha wangu “aliishiwa damu,” na hakuuliza zaidi.

Miezi miwili iliyopita tulikwenda kupima virusi vya Ukimwi, maana kanisani kwetu wachumba wanashauriwa wapime. Majibu yalikuwa mazuri kwa wote wawili. Dirishani, yule dada wa maabara akauliza huku anaandika risiti, “Kuna kipimo kingine?” Mchumba wangu akanigeukia, kama anayeniachia mimi nijibu. Nikasema, “Hapana, ni hicho tu.” Tukaenda kunywa soda, yeye anafurahi, mimi chupa inatetemeka mkononi.

Mama nilimgusia. Alikuwa na ungo mapajani, anachambua dagaa. Bila kuinua uso akasema, “Mimi na baba yako tungepima, wewe leo ungekuwa wapi?” Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Rafiki yangu anayefanya kazi maabara yeye anasema nimpeleke mwenzangu kwa kisingizio cha malaria, kingine atakimaliza yeye kimya kimya. Dada mkubwa anasema Mungu hapimwi.

Mimi si mwoga wa kila kitu. Nimeshasimama mbele ya bosi nikakataa kusaini mahesabu yasiyokaa sawa. Lakini hili likija, miguu inakufa ganzi. Kila Jumapili kamati ikikaa najiambia wiki hii nitasema, na kila Jumapili michango inaongezeka. Nifanyeje niushinde huu woga? Au niambie tu moja: nipime au niache?

Kulwa, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu Kulwa. Na pole kwa Doto. Miaka 11 si mingi kwa mtu uliyeanza kuishi naye kabla hamjazaliwa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kama nimeielewa, mambo yako hivi: unajua damu yako ni AS. Kwa hadithi ya yule binamu, unashuku kwamba upande wa mwenzako nako kuna selimundu iliyovalishwa jina la uchawi. La kwako hujamwambia, la kwake hujamwuliza, na kamati inaendelea kukusanya. Sasa unataka nikufundishe kuushinda woga, au niseme moja. Hilo la moja sitalisema. Nikilisema, mimi nafunga kalamu nakwenda kulala, nyumba inabaki yako. Na hilo la kuushinda woga nalo nina shaka nalo kidogo.

Unauzungumzia woga wako kama ugonjwa uliokuingia. Mimi nauona una sababu zake. Mtu aliyekuwa anaamshwa na kimya cha ndugu yake, akikua halafu asiogope hata kidogo kuzaa mtoto wa kung'ata kitenge, huyo ndiye angenitia wasiwasi. Kwa hiyo sitakwambia usiogope. Nataka tu tutazame unaogopa nini hasa, maana sidhani ni sindano, na sina hakika hata kama ni majibu.

Nikupe kisa. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa natoa ushauri nasaha kwa watu waliokuja kupima Ukimwi, wakati ambao kwetu dawa za kufubaza virusi ulikuwa unazisikia redioni tu. Kulikuwa na baba mmoja alikuja mara nne kutuuliza kama pale wanauza maji ya kunywa. Mara ya tano akakaa, akapima, akakutwa mzima. Nilidhani atarukaruka. Alikaa kimya, halafu akasema, “Kumbe nilichokuwa naogopa ni mke wangu kuniuliza kwa nini nilidhani ninao.”

Ndiyo maana nimelikalia sana lile dirisha lako la maabara. Ungejibu “ndiyo, kipo kingine,” kitu cha kwanza kisingekuwa sindano. Mwenzako angeuliza, “Kipi hicho, na kwa nini?” Hapo ungelazimika kumtaja Doto, Doto mwenyewe, si huyu aliyeishiwa damu. Nakuuliza tu, na si lazima unijibu mimi: je, unaogopa damu ya mchumba wako, au unaogopa siku atakapojua kwamba ulijua tangu zamani? Kama ni hili la pili, basi wiki tisa hizi zinakuongezea mzigo, kwa sababu kila Jumapili inayopita inaongeza umri wa hiyo siri.

Sasa tuje kwenye damu yenyewe. Huenda unayajua haya, lakini mtu mwenye hofu husahau hata anachokijua.

Kila mzazi ana vinasaba viwili vinavyohusu jambo hili. A ni kile cha kawaida, S ni kile cha selimundu. Mwenye AS ana kimoja cha A na kimoja cha S. Mimba inapotungwa kila mzazi anatoa kimoja, bila kuchagua, kama mtu anayerusha shilingi. Shilingi zote mbili zikiangukia S, mtoto anakuwa SS, yaani ana ugonjwa. Kwa wazazi wawili wenye AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa hivyo, mbili kati ya nne za kuwa kama wewe, na moja ya kuwa AA. Wewe na Doto mlikaa tumbo moja, miezi ileile, lakini kila mmoja alirushiwa shilingi zake. Hukumnyang'anya kitu. Nalitaja hili kwa sababu mapacha waliobaki huwa na deni fulani moyoni ambalo hakuna aliyewakopesha.

Na usije ukadanganywa na wale wanaosema, “Tukizaa wanne, mmoja ndiye atakayeumwa,” au, “Mgonjwa tumeshampata, waliobaki salama.” Kila mimba shilingi zinarushwa upya. Mwenzako anafundisha hesabu. Hiyo robo ataielewa kuliko mimi na wewe.

Kama yeye ni AA, hakuna mtoto wenu atakayekuwa SS. Na hili nalisema taratibu kwa sababu barua yako yote imeandikwa kana kwamba yeye ameshapimwa akakutwa AS. Hajapimwa. Binamu ni wa upande wa baba au wa mama? Ndugu wa wazazi wake ndio waliokuwa wazazi wa yule mtoto, au ni binamu wa kuitana tu, jinsi tunavyoitana huku kwetu? Hata kandokando ya Ziwa, ambako S ipo kwa wingi, walio wengi hawana. Hadithi ile ni sababu nzuri ya kuuliza, lakini si kipimo.

Halafu hilo neno kurogwa. Daktari mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi ile kuanzia 1949, akakuta S imejaa pwani na karibu na Ziwa Victoria, penye mbu, na ni haba kwenye nyanda za juu penye baridi. Mwaka 1954 akachapisha sababu: mwenye S moja anakingwa na malaria kali. Yaani hiyo S yako iliwavusha bibi zako utotoni, wakati malaria inazoa watoto wa jirani. Hakuna ukoo wenye damu mbaya hapo. Ukweni wakija kukutamkia maneno hayo, na wanaweza kuyatamka, uwe nalo hilo.

Kuhusu mama. Swali lake ni zito na sitajitia kulijibu. Lakini hakuinua uso kwenye ungo, na hilo umeliandika mwenyewe. Mama aliyemzika mtoto wa selimundu ameshaulizwa mengi na watu, na mengine amejiuliza mwenyewe usiku. Wewe ulipomgusia kipimo, inawezekana alisikia, “Mama, mlikosea kutuzaa.” Sidhani ulimaanisha hivyo. Ungeweza kumrudia siku nyingine, ukamwambia hilo tu, bila kuomba ruhusa ya lolote. Wao walirushiwa shilingi gizani. Wewe una taa, na mwenye taa ana taabu yake ambayo wao hawakuipata. Unaweza kupima na bado ukashukuru kwamba wao hawakupima. Hayo mawili hayagombani ingawa yanaonekana yanagombana.

Kuna njia kadhaa mbele yako na hakuna iliyo nyepesi.

Ya rafiki yako wa maabara naisema haraka maana ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Kumpima mtu kipimo ambacho hakukikubali ni kumvunjia haki yake, na rafiki yako anaweza kupoteza kazi. Lakini hata bila hayo: ukishapata hayo majibu utafanya nayo nini? Yakiwa AS huwezi kuyataja bila kueleza ulivyoyapata. Utakuwa umebadilisha siri moja kuwa mbili.

Ya dada mkubwa, kuolewa kwanza na kumwachia Mungu, watu wengi wazuri wameipita, na wengine shilingi zimewaangukia vizuri. Anayeifuata anaweza angalau kuhakikisha kila mtoto anapimwa mapema, kwa sababu mtoto mwenye SS akigundulika mchanga huanzishiwa dawa ya kumkinga na maambukizi, penisilini, na chanjo zake zikafuatiliwa, na hilo linaokoa maisha. Ubaya wa njia hii kwako ni kwamba wewe hutakuwa umemwachia Mungu peke yake. Wewe utakuwa unajua nusu, na mwenzako hajui kitu. Yeye ataingia kwenye kikao ambacho ajenda umeishika wewe.

Ya kumweleza la kwako kwanza, kabla hujamwuliza la kwake, ina hatari zake. Anaweza kukasirika kwa kuchelewa kwako. Anaweza kwenda kuwauliza wazee wake, na neno likatembea Ukerewe nzima kabla ya jioni. Anaweza, sikufichi, kuondoka. Na anaweza kunyamaza siku tatu halafu akarudi na maswali, jambo ambalo kwa mtu mtulivu wa aina uliyonieleza nisingelishangaa, ingawa simjui. Nikutajie kitu kimoja tu nilichokiona kwenye barua: dirishani alikugeukia akakuachia nafasi. Sijui alikuwa anafikiri nini.

Na mkipima pamoja mkakutwa AS wote wawili? Hapo ndipo moyo wako umeshakwenda kukaa, kwa hiyo twende. Wapo wanaoachana, wakalia, wakaoa na kuolewa kwingine. Wapo wanaooana wakaamua kulea mtoto wa ndugu au kuasili. Wapo wanaozaa wakijua, wakajipanga: bima ya afya, kliniki ya selimundu iliyo karibu, akiba. Nao hao hawazai kwenye dunia ya Doto kabisa. Dawa ya haidroksiyurea, ambayo ilionyesha kupunguza maumivu kwa watu wazima huko Marekani mwaka 1995, ilijaribiwa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha maumivu, malaria, kuongezewa damu na hata vifo vimepungua. Hapa kwetu inatumika. Dodoma, kwenye Hospitali ya Benjamin Mkapa, wameshaanza kuwapandikizia uloto, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, watoto wenye selimundu. Lakini sitaki kukupamba: uloto unahitaji mchangiaji anayefanana, kwa kawaida ndugu wa tumbo moja, na gharama yake ni kubwa, haidroksiyurea inapunguza ugonjwa bila kuuondoa, na inahitaji vipimo vya damu mara kwa mara, na mtoto mwenye selimundu bado anaumwa. Wewe unajua kuumwa kunakuwaje kuliko daktari yeyote atakayekuhudumia. Kama ukisema, “Mimi mara ya pili siwezi,” hakuna mwenye haki ya kukuita mwoga. Kama ukisema, “Doto aliishi miaka 17, na miaka hiyo ilikuwa na redio ndani yake, nitajaribu,” hilo nalo ni lako.

Kujua na kuamua ni vitu viwili, na nadhani wewe umevifunga kamba moja. Unaona ukipima leo, kesho mjomba anarudisha michango. Mnaweza kujua leo mkaamua baada ya mwezi. Mnaweza kusogeza tarehe. Itawauma watu na kadi zitachapwa upya, lakini harusi zimesogezwa kwa sababu ya misiba, mvua na ukumbi kukosa umeme. Wahudumu wengi wa kliniki za selimundu watakaa na nyinyi wawili mkiomba ushauri kabla hata ya kutoa damu.

Kitu kimoja cha kitaalamu kabla sijafunga. Kuna kipimo cha haraka kinachoonyesha kwamba S ipo, bila kutofautisha AS na SS, na kuna kile kinachotenganisha aina za hemoglobini, ile protini nyekundu ya damu ambayo A na S ni aina zake, na kutaja zilizomo, hata zile adimu zinazoweza kuungana na S zikaleta ugonjwa. Mkipima, kiombeni hicho cha pili. Karatasi yako ya miaka minane iliyopita unasema imeandikwa AS, lakini hujaifungua tangu siku ile, na hukunitajia ni kipimo gani kilichotumika. Iko nyuma ya cheti cha kidato cha nne. Kabla ya Jumapili ya kamati, ifungue uisome, na unaweza kuisoma ukiwa peke yako.